Shule zipo, mashine zipo, uchumi umekwama: jinsi ya kutafuta kasoro

Mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka Muheza mjini kuna banda la bati lenye mashine ya kukamua machungwa. Ililetwa na mfadhili, ikapigwa picha, ikafunikwa turubai. Nilipofika na shemeji yangu, fundi wa mota pale Ngamiani, tulikuta kuku ametaga kwenye beseni la kumiminia matunda. Shemeji hakuuliza mashine iligharimu kiasi gani. Alizungusha puli kwa mkono, akatega sikio, akafuata waya mpaka ukutani, halafu akacheka peke yake.

"Shikamoo mama," alimwamkia mwenyekiti wa kikundi kilichopewa mashine. "Hii mashine iliharibika lini?"

"Marahaba mwanangu. Haijaharibika, haijawahi kuwaka. Inataka umeme wa fezi tatu, na sisi hapa tuna wa fezi moja."

Mimi nafundisha uchumi kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini. Miaka nenda rudi nimeandika ubaoni kwamba nchi hukua kwa mtaji na elimu. Ni kweli, sawa na kusema basi huenda kwa dizeli na dereva, lakini maneno hayo hayamsaidii abiria aliyekwama Segera usiku. Ndiyo maana mwongozo huu nimeufuata mtindo wa shemeji: kusikiliza malalamiko kama watu wanavyoyasema, kushuka mpaka kwenye chanzo, na kupima kabla ya kununua spea.

Kabla hujafungua chochote

Jua kwanza mtambo wenyewe, yaani uchumi, unavyofanya kazi. Mchukue fundi cherehani wa Barabara ya Nane mwenye cherehani moja. Mnunulie ya pili, atashona zaidi kidogo, maana moja ikikorofisha anahamia nyingine. Mnunulie ya tatu na ya nne, zitageuka meza za kuwekea vitambaa. Kila cherehani mpya inaongeza kidogo kuliko iliyotangulia. Sasa mpeleke fundi huyo akajifunze kukata suti, umwongezee na kijana mmoja aliyetoka VETA. Ghafla cherehani ya tatu ina kazi. Elimu na mtaji havijumlishwi, vinazidishana, na ukizidisha kwa sifuri jibu unalijua.

Mchumi wa Marekani Robert Solow aliligusa jambo hili mwaka 1957. Alipochambua uchumi wa Marekani kati ya 1909 na 1949, aliona kwamba kama sehemu 7 kati ya 8 za ongezeko la uzalishaji kwa saa ya kazi hazikutokana na wingi wa mitambo. Zilitoka kwenye kapu aliloliita mabadiliko ya ufundi: mbinu, ujuzi, mpangilio wa kazi, na kila kitu ambacho hakuweza kukipima moja kwa moja. Theodore Schultz na Gary Becker nao walieleza kwamba mtu hubeba mtaji ndani yake, unaojengwa na shule, afya na mafunzo kazini. Wote watatu walipata Nobeli, kila mmoja kwa wakati wake.

Jambo la pili, ambalo hata sisi walimu hulipitia mbiombio: vyote viwili vinachakaa. Hapa pwani chuma kinaliwa na upepo wa chumvi, na ujuzi usioguswa miaka mitano husahaulika. Sehemu ya kila shilingi inayowekezwa inaishia kuziba palipochakaa kabla haijaongeza chochote.

"Mashine ipo, haizalishi"

Chanzo kinachokutwa mara nyingi ni mtaji uliofika bila wenzake. Banda la Muheza ni mfano mdogo. Mkubwa zaidi tulikuwa nao mjini: kiwanda cha mbolea kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mitambo ilikuwa ya kisasa kwa wakati ule, lakini malighafi zilitegemea meli kutoka nje. Siku dola zilipoadimika, kiwanda nacho kikaanza kukohoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Kule Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kikitarajiwa kuuza Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake.

Mchumi Michael Kremer aliiwekea hali hii nadharia mwaka 1993. Aliazima mfano wa chombo cha anga cha Challenger, kilicholipuka mwaka 1986 kwa sababu ya mpira wa kuzibia ulioshindwa kazi kwenye baridi. Maelfu ya vipande vilikuwa vizima, kimoja kikaangusha vyote. Kazi yenye hatua nyingi iko hivyo: hatua dhaifu kabisa ndiyo inayopanga bei ya nyingine zote. Kwa hiyo fundi hodari akiwekwa kwenye kiwanda chenye umeme wa kubahatisha, naye anaonekana mbovu.

Kupima ni rahisi, ila kunahitaji ujasiri wa kuuliza maswali yasiyo ya heshima siku ya uzinduzi. Mashine imefanya kazi saa ngapi wiki iliyopita? Ikisimama leo saa nne asubuhi, nani anaitengeneza, na beringi yake inauzwa duka gani? Kama jibu ni "tutaandika barua", umeipata kasoro.

Kwa nchi nzima kuna kipimo kinachofanana na hicho. Chukua sehemu ya pato inayowekezwa, igawe kwa kasi ya ukuaji. Nchi inayowekeza asilimia 30 ya pato lake na kukua kwa asilimia 6 inatumia shilingi 5 kupata shilingi 1 mpya ya pato kwa mwaka. Namba hiyo ikipanda mwaka hadi mwaka, acha kuomba mashine zaidi na nenda ukaangalie zilizopo.

Kuna swali ambalo wanafunzi wangu hulipenda. Kama nchi maskini ina uhaba wa mtaji, si kila shilingi ya mtaji huko ingezaa faida nono, matajiri wa dunia wakakimbilia? Robert Lucas alipiga hesabu hiyo mwaka 1990 na kukuta kwamba, kwa nadharia ya kawaida, faida ya mtaji India ingepaswa kuwa mara 58 ya ile ya Marekani. Hakuna aliyekimbilia. Sehemu ya maelezo yake ilikuwa hii hii: mtaji hauendi kukaa mahali ambapo hauna mtu wa kuuendesha.

"Tulikuwa wa kwanza duniani, tukaachwa"

Hili ndilo lalamiko la Tanga hasa. Nitalikalia kidogo, maana baba yangu alikuwa fundi wa korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwenye shamba upande wa Korogwe, na nimekulia kwenye harufu ya singa mbichi, yaani nyuzi za mkonge. Asiyewahi kuisikia harufu hiyo hajakosa kitu.

Mkonge uliingia mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 iliyo hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kuelekea bara. Kutoka miche 62, nchi ikafika zaidi ya tani 230,000 za singa kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ikiongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000.

Uliza barazani nini kiliua mkonge, utapata majibu mawili na ugomvi mmoja. Wa kwanza atasema kamba za nailoni. Wa pili atasema utaifishaji wa 1967. Fundi akikuta sababu mbili hutafuta mashine ya pili ya kulinganisha. Brazil ilikutana na nailoni zilezile na bei ileile ya dunia, lakini ndiyo iliyobaki mzalishaji mkubwa kabisa. Nailoni peke yake basi haitoshi kuwa jibu.

Angalia uchakavu. Mkonge hukatwa kwa miaka kadhaa, unatoa mlingoti, unakufa. Shamba lisilopandwa upya linakula mtaji wake kimyakimya, na kwenye vitabu vya hesabu halionyeshi jeraha kwa sababu majani bado yanakatwa. Baba alikuwa akisema korona yao ilikuwa imeungwa kwa vipande vya korona tatu zilizokufa. Alisema kwa majigambo, na alistahili, lakini kwa mchumi hiyo ni taarifa ya msiba.

Halafu angalia watu. Mashamba yale yalijengwa juu ya migongo ya manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali na kuhesabiwa kwa namba. Mwenye shamba alihitaji mikono, hakuhitaji vichwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo kosa la muda mrefu lilipofanyika, miaka mingi kabla ya 1967: mameneja na mafundi wakuu walipoondoka, hapakuwa na daraja la pili lililofundishwa kushika usukani.

Na bado ujuzi ulikuwepo! Kituo cha utafiti cha Mlingano, hapohapo Muheza, ndiko ilikotoka mbegu chotara ya mkonge nambari 11648, inayotoa majani mengi mno kuliko mkonge wa kawaida. Leo mbegu hiyo ndiyo inayotawala mashamba ya mkonge ya China. Utaalamu ulizaliwa kwetu ukaenda kuzaa ugenini, kule ulikokuta mtaji na viwanda vinavyoungojea. Hale nako, miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge. Singa ni sehemu ndogo sana ya jani, kama asilimia 4 hivi, na kinachobaki kwa miaka mingi kilikuwa kinamwagwa tu na maji. Vizazi vya mafundi, baba yangu akiwemo, vilikuwa vinamwaga umeme bila kujua.

"Watoto wanakwenda shule, kusoma hawajui"

Usichanganye kiti na somo. Miaka ya kukaa darasani ni kama kilomita kwenye mita ya gari lililoinuliwa kwa jeki: zinahesabika, safari haipo. Uchambuzi wa Eric Hanushek na Ludger Woessmann umeonyesha kwamba kinachoambatana na ukuaji wa uchumi ni kile ambacho vijana wanaweza kukifanya wakipewa mtihani wa hesabu na sayansi, kuliko idadi ya miaka waliyosoma.

Sisi tumeipitia kasoro hii zaidi ya mara moja. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Watoto wakaingia, walimu wakaandaliwa haraka haraka kutokana na waliomaliza darasa la saba, na jina "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, likageuka kuwa tusi ambalo wengi wao hawakulistahili. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza 2002 na ada ya msingi kuondolewa, madarasa yakafurika tena. Zikafuata shule za kata, kisha Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo karibu watahiniwa 6 kati ya 10 walipata sifuri. Nakumbuka chumba cha walimu siku ile. Hakuna aliyegusa chai.

Mtu akiona hivyo huwahi kununua vitabu. Subiri, pima kwanza. Kule Busia, Kenya, Kremer na wenzake waligawa vitabu vya kiada kwenye baadhi ya shule na kulinganisha na ambazo hazikupewa. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale wachache waliokuwa mbele tayari, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Katika wilaya hiyohiyo, dawa za minyoo, kitu cha bei ya pipi, zilipunguza utoro kwa karibu robo.

Hapa kwetu kuna kizingiti ambacho kila mwalimu wa sekondari anakijua. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja anaamka na kukuta baiolojia imegeuka Kiingereza. Mwanafunzi wangu mmoja, mkali kweli wa hesabu, aliniandikia kwenye mtihani wa majaribio jibu zima la faida ya ulinganifu kwa Kiswahili safi, akamalizia, "Samahani mwalimu, nalijua ila halitoki." Nilimpa alama zote. Mtihani wa taifa haumpi.

Kipimo cha nyumbani: mpe mtoto wa darasa la nne ukurasa mmoja wa hadithi ya darasa la pili, asome kwa sauti, kisha akueleze kilichotokea. Akikwama, kasoro iko chini kuliko unapodhani, na kumwongezea kidato hakutaifikia.

Shule zikijengwa na somo likaingia, malipo yapo. Indonesia ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 kati ya 1973 na 1978, na Esther Duflo alipofuatilia watoto waliozipata, aliwakuta ukubwani wanalipwa zaidi kuliko wangelipwa bila shule hizo.

"Cheti kipo, kazi hakuna"

Mpwa wangu ana shahada ya ugavi. Anakaa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, Makorora, na daftari lake ni safi kuliko la duka lolote la jumla ninalolijua: kila muamala una saa, namba na salio, kwa wino wa rangi mbili. Mama yake anasema shule ilimpotezea muda. Mimi nasema tupime.

Swali la kutenganisha ni moja: je, mafundi nao hawana kazi? Kama mchomeleaji na fundi bomba nao wamekaa kijiweni, tatizo ni mtaji, yaani hakuna anayewekeza kiasi cha kuhitaji mtu yeyote. Kama wachomeleaji wanatafutwa huku wenye shahada wamejaa, tatizo ni aina ya elimu. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia hapa Chongoleani, na bomba la namna hiyo haliguswi na mchomeleaji ambaye hajapimwa. Siku za ujenzi wake mjini hukukosa kusikia mtu akiulizia mafundi wenye vyeti. Hakuna aliyepita kwenye kibanda cha Makorora. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali, yaani mafunzo ya ufundi, sekondari, na kwa Tanga nauona ni ufunguo wa saizi sahihi, ilimradi karakana zipate mashine na si ubao wa jina tu.

Lant Pritchett aliichokonoa dalili hii mwaka 2001, alipoona nchi nyingi zimeongeza shule bila pato la mfanyakazi kufuata. Alishuku mambo matatu: masomo yasiyofundisha, ujuzi usio na mnunuzi, na wasomi kuvutwa kwenye kazi za kugawana ubwabwa badala ya kuupika. Hilo la tatu tusilikwepe. Mahali ambapo njia ya kutajirika ni kukaa karibu na muhuri wa ofisi ya serikali, vichwa vyetu bora vitakwenda kwenye muhuri.

Mpwa wangu yeye shida yake ni mtaji. Anataka kusambaza bidhaa madukani na ujuzi anao. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, inataka kikundi, na wenzake watatu wamehamia Dar. Benki inataka hati ya nyumba. Kilichobaki ni mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na jina linajieleza.

"Mradi mkubwa umepita, mtaa uko vilevile"

Bandari yetu imechimbwa hadi kina cha mita 13 na kujengewa gati, kwa zaidi ya shilingi bilioni 429. Zamani meli zilitia nanga nje, mizigo ikaja kwa matishari. Sasa zinafunga gatini, na anayebeza hilo hajawahi kulipia mzigo uliokaa baharini. Lakini aliyeishi kwa kazi za matishari ana haki ya kuuliza zamu yake imekwenda wapi.

Kagua maungio: nani wa hapa anauza kitu kwa mradi? Mboga, ulinzi na usafi ni mwanzo. Kama baada ya miaka mitano orodha bado ni hiyohiyo, mtaji umepita juu ya vichwa kama waya wa umeme mkubwa unavyopita juu ya kijiji chenye vibatari.

"Wasomi wanaondoka"

Mgeni wa Tanga huambiwa "waja leo, waondoka leo?" Daktari kijana wa Tanga anapoondoka, hakuna anayemuuliza. Hii karibu kila mara ni dalili ya kasoro zilizotajwa juu, kwa hiyo usiitibu peke yake.

"Kila kitu kiko sawa, bado hakuna kinachoonekana"

Inawezekana hakuna kasoro. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka ambao ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa, anafika kidato cha nne 2026. Bado hajazalisha chochote. Amekula kodi kwa zaidi ya miaka kumi, na itapita mingine kabla hajaanza kuilipa. Barabara inaonekana kwenye uchaguzi mmoja, darasa la kwanza halionekani hata kwenye wa pili. Pia hesabu yenyewe ni ya taratibu: uchumi unaokua kwa asilimia 7 unaongezeka maradufu kwa miaka kama 10, wa asilimia 3 kwa miaka kama 23, na idadi ya watu nayo haijasimama kukungoja. Anayebadilisha sera kila baada ya miaka minne ni sawa na fundi anayefungua injini kila inapoanza kupata joto.

Mashine ya Muheza shemeji aliirudia Jumamosi mbili baadaye. Alikuja na mota ya fezi moja iliyosukwa upya waya na mkanda mpya, akakaa siku nzima na binti mmoja wa kikundi, aliyemaliza kidato cha nne. Alimfundisha kukaza mkanda, kupaka grisi, na kujua kwa sikio beringi inapoanza kulia. Kikundi kililipa nusu, nusu itafuata. Jioni iliwaka, ikakamua ndoo mbili, akina mama wakapiga vigelegele. Msimu wa machungwa ulikuwa umebaki wiki mbili tu.